Anakimbia Kampuni: Mazungumzo Kuhusu Kitenzi "Run"

Walimu wangu, wafasiri wenzangu, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kunikaribisha. Niliombwa nichague kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho kila mtu ukumbini anadhani anakijua. Nimechagua "run". Kina herufi tatu tu, na hufundishwa mapema kabisa pamoja na "eat" na "sleep". Mwalimu anachora mtoto anayetimua mbio, chini anaandika "run", kando anaandika "kimbia", na darasa zima linaendelea na neno linalofuata. Matatizo yanaanzia hapo.

Tazameni sentensi hii ubaoni: "He runs the company." Ipeni mashine ya zamani ya kutafsiri, au mwanafunzi mwenye haraka, mtaletewa hii: "Anakimbia kampuni." Chunguzeni sarufi yake. Upatanisho upo, kiima kipo, yambwa, yaani kile kinachotendwa, ipo. Hata mhariri mkali hatakuta pa kutia wino mwekundu. Ila msomaji wa Kiswahili anaelewa kwamba bwana huyu amekimbia kampuni: pengine anadaiwa, pengine ametafuna fedha, pengine bosi wake hakaliki naye. Mtu anayesimamia shughuli nzima amegeuzwa mtoro. Tafsiri iliyovunjika hainitishi sana, kwa sababu msomaji huishtukia mwenyewe. Ninayoiogopa ni hii iliyosimama wima na kusema jambo lingine kabisa.

Basi tuanze na "kimbia", maana nusu ya kosa liko upande wetu. Kitenzi hiki kina kitu nyuma yake. Anayekimbia anakimbia jambo: vita, deni, mvua, mbwa. Ndiyo maana tumepata mkimbizi, na kimbilio, na kumkimbilia mtu ukiwa na shida. Riadha imekivuta kitenzi hiki uwanjani, sawa, na siku hizi mkimbiaji ni mtu wa medali. Lakini harufu ya hatari bado imo. Ukimwambia mtu "fulani amekimbia", hakuulizi amekimbia kilomita ngapi. Anauliza amefanya nini.

"Run" haina habari hizo. Kuna "run away", ndiyo, lakini ni hilo "away" linaloleta utoro. Lenyewe linasema jambo pana zaidi, nami nitalisema kwa namna yangu: kwenda bila kukatika. Mwenye miguu anaweza kwenda hivyo, na asiye na miguu pia. Maji huenda hivyo, mafuta ya mshumaa huenda hivyo, na machozi vilevile. Kwa Mwingereza maji yanayo-"run" ni halisi sawasawa na mtoto anaye-"run". Haoni kwamba amesema kwa mafumbo.

Mkilishika hilo, msururu mrefu wa maana unajipanga wenyewe. Pua ina-"run": sisi tunasema mtu anatokwa na kamasi. Bomba limeachwa liki-"run": limeachwa wazi, maji yanamwagika. Rangi zime-"run": nguo imechuja. Mkataba una-"run" hadi mwakani: unadumu, haujakatika. Siku tatu "running": siku tatu mfululizo. Hakuna anayekimbia hata mmoja, lakini katika kila sentensi kuna kitu kinachoendelea, na jicho la mzungumzaji liko kwenye ule mwendelezo.

Chukueni tamthilia. The Mousetrap ilianza kuoneshwa London mwaka 1952, na ikaendelea hadi Machi 2020, pale janga la Uviko lilipofunga majumba ya maonesho. Hata ilipohamishiwa jumba jingine mwaka 1974 haikukatishwa. Waingereza wanauita mwendo huo "run", na ndio mrefu kuliko wote katika tamthilia. Ukitafsiri "run" ya hapo kwa neno lolote lenye mbio ndani yake, umemwangusha msomaji. "Mfululizo wa maonesho" inatosha.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda, nayo ni sarufi, kwa hiyo wenye usingizi wavumilie kidogo.

Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya 1066, kilikuwa na vitenzi viwili. Kimoja ni "rinnan", kwenda mbio au kutiririka, kitu chenyewe kwa nguvu zake. Cha pili ni "ærnan", kukifanya kitu kiende mbio, kwa mfano farasi. Yaani walikuwa na kitenzi na kauli yake ya kutendesha, kama sisi tulivyo na "enda" na "endesha". Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu, bado wana jozi ya namna hiyo: "rinnen" ni kutiririka, "rennen" ni kukimbia, na hiki cha pili asili yake ni kutendesha. Waingereza jozi yao iliwachanganyikia. Wakaja Waviking, watu wa Skandinavia, na vitenzi vyao vya ukoo uleule, sauti zikakaribiana, na mwishowe vyote vikamezwa na umbo moja. Tangu hapo "run" ni kwenda, na "run" hiyohiyo ni kuendesha. "The engine runs", injini inaenda. "I run the engine", ninaiendesha. Alama ya kutofautisha ndani ya kitenzi hakuna. Inabidi uangalie kama kuna yambwa.

Ndiyo maana nasema Kiswahili hakina haja ya kulionea haya neno hili. Tuna viambishi ambavyo Kiingereza kilivipoteza. "He runs the company" ni "anaendesha kampuni", na hapo Kiswahili kimefanya kwa silabi moja kazi ambayo Kiingereza kinamwachia msomaji aibuni. Hata "kimbia" yenyewe ina zawadi yake. Mwingereza akisema "I'll run you to the hospital", sisi tunasema "nitakukimbiza hospitali". Kutendesha juu ya kutendesha, na haraka yote ikafika salama.

Kuna jambo jingine hapo, na wale wa nyuma watacheka, lakini ni elimu. Kiingereza cha mitaani kinasema mtu mwenye tumbo la kuhara ana "the runs". Nasi je? Tunasema mtoto anaendesha. Lugha mbili ambazo hazina udugu wowote, kila moja na njia yake, zikakutana chooni. Sijui mfano mzuri kuliko huo wa kuonesha kwamba moyo wa "run" uko karibu na "enda" kuliko "kimbia".

Wengi wenu mmeshasikia zile hesabu za kamusi. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, ilikipa kitenzi "set" maana zipatazo 430, na kwa miaka mingi hicho ndicho kilichotajwa kuwa bingwa. Baadaye wahariri walipolipitia upya neno "run", walifikisha maana 645 kwa kitenzi peke yake, na mhariri aliyelishughulikia alitumia zaidi ya miezi tisa. Watu huitaja namba hii kana kwamba ni onyo la daktari. Mimi hainishtui. Mhariri wa kamusi kazi yake ni kutenganisha: treni iki-"run" anaipa namba yake, basi likienda kwa ratiba anaangalia kama lastahili namba nyingine. Mzungumzaji hana namba 645 kichwani. Ana wazo moja au mawili, na mazoea mengi.

Lakini swali la kwa nini "run" ilimpita "set" ni zuri, na jibu lake ni mashine. "Set" ni neno la kukiweka kitu mahali pake kikatulia. Karne ya 19 ikaja na vitu visivyotulia: injini za mvuke, reli, viwanda, baadaye umeme, baadaye kompyuta. Vyote vinahitaji kitenzi cha kusema vinaenda, na kingine cha kusema mtu anavifanya viende, na Kiingereza kilikuwa nacho kimoja kinachofanya kazi zote mbili. Kila chombo kipya kilipoingia kilikuta "run" imeshakaa mlangoni. Leo programu ina-"run", betri ina-"run" simu, na mtaalamu ana-"run" vipimo.

Niwaoneshe sasa wafasiri waliofanya kazi hii vizuri kabla yetu. Fungueni Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 mkiwa na Biblia ya Kiswahili ya Union ya 1952 pembeni. Sisemi kwamba ya Kiswahili imetafsiriwa kutoka kwenye hiyo ya Kiingereza. Ninalinganisha tu mahali ambapo Kiingereza kiliona "run" inafaa, nione Kiswahili kilifanya nini. Zaburi ya 23, "my cup runneth over": kikombe changu kinafurika. Amosi 5:24, "let judgment run down as waters": hukumu na itelemke kama maji. Isaya 40:31, "they shall run, and not be weary": watapiga mbio, wala hawatachoka. Mara tatu, vitenzi vitatu, na hata pale penye miguu halisi, Isaya, hawakuandika "watakimbia". Waliandika "watapiga mbio". Nadhani masikio yao yalijua kwamba watu wanaomngoja Bwana hawafukuzwi na yeyote.

Na Habakuki 2:2 ni kito. Kiingereza kinasema maono yaandikwe wazi, "that he may run that readeth it". Wafafanuzi wamebishana sana: ni nani anakimbia, msomaji au mjumbe? Kiswahili kimesema: "ili aisomaye apate kusoma kama maji." Kama maji! Mbio zimetoweka, mtiririko umebaki. Ninyi mnaojifunza kazi hii, ukurasa huo kaeni nao jioni nzima.

Siasa nitaipitia kwa haraka. Mmarekani anayetaka urais ana-"run" for president. Mwingereza anayetaka ubunge, kwa desturi yao, ana-"stand" for Parliament, ingawa siku hizi nao "run" imewaingia. Kwa hiyo mmoja anakimbia, mwingine anasimama. Sisi tunagombea, na sioni kama kuna aliyesema ukweli zaidi yetu. Mgombea mwenza kwa Kiingereza ni "running mate", neno lililotoka kwenye mashindano ya farasi: lilikuwa la farasi anayetolewa na zizi lilelile kumsaidia mwenzake kwenye mwendo. Wagombea wenza waliopo hapa, kama wapo, wasichukie.

Benki inataka maneno zaidi kidogo, maana hapo "run" inamtega mfasiri wa habari za uchumi. "A run on the bank" ni pale wateja wengi wanapotaka kutoa fedha zao kwa wakati mmoja kwa hofu kwamba benki itaanguka, na hofu hiyohiyo ndiyo inayoiangusha, kwa sababu hakuna benki inayoweka amana zote kabatini. Imekopesha, imewekeza. Septemba 2007 watu wa Uingereza walipanga foleni nje ya matawi ya benki ya Northern Rock. Foleni, si mbio: walisimama kwa utulivu kwa saa nyingi. Machi 2023 wateja wa Silicon Valley Bank huko Marekani waliagiza kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, na wengi wao walifanya hivyo wakiwa wameketi, kidole kwenye skrini. Kwa hiyo "mbio za benki", ambayo nimeiona imeandikwa mahali, haisemi kitu. "Wateja kukimbilia kutoa fedha" inasema, na hapo, mkumbuke, "kimbilia" imerudi kwa haki yake, kwa sababu hofu ipo.

Michezoni neno limepotea njia kabisa. Kwenye kriketi "run" ni pointi. Mpigaji akiupiga mpira ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa ardhi, anapewa "runs" sita bila kuinua mguu. Sita za bure! Mtafsirieni "mbio sita" mtu asiyeujua mchezo huo, halafu mketi mumweleze hadi giza liingie. Andikeni "pointi" au achieni "run" ilivyo, kama mashabiki wenyewe wanavyofanya.

Halafu kuna viambatani, yaani "run" ikishikamana na neno jingine dogo kama "out" au "over", na hapa nadharia yangu ya kwenda bila kukatika inaanza kuchechemea. Sitaificha. "Run out" bado inaelezeka: maji yametiririka mpaka yakaisha, kwa hiyo sukari imetuishia, muda umetuishia. "Run over" inaelezeka mara mbili: kikombe kikifurika, na gari likimpitia mtu juu, yaani kumkanyaga. "Run through" ni kupitia. "Run aground" sisi watu wa bahari tunaijua, chombo kupanda mwamba. "Run dry", "run low", "run short": hapo "run" imechoka mpaka imekuwa sawa na "kuwa", kisima kimekauka, akiba imepungua, basi. Lakini "run up a dress", kushona gauni harakaharaka? Labda ni sindano inayokwenda bila kunyanyuliwa. "Run up a bill", deni kupanda? "Run somebody down", kumsema mtu vibaya? "Run guns", kuvusha silaha kwa magendo? Mtu anaweza kutafuta uzi unaozifunga zote, na wapo wanaisimu wanaofanya hivyo kwa ustadi. Mfasiri mwenye kazi ya kukabidhi kesho asubuhi hana nafasi hiyo. Hizo zikaririwe kama zilivyo, mojamoja.

Kwa zile zinazoelezeka, mimi hufanya hivi. Kabla ya kutafuta neno la Kiswahili, naangalia nani au nini kinafanya "run". Kikiwa kiumbe chenye miguu na hakuna yambwa, ndipo naipa "kimbia" au "piga mbio" nafasi. Kikiwa kimiminika, naenda kwa tiririka, bubujika, mwagika, vuja, churuzika, kulingana na wingi na nia, maana Kiswahili ni tajiri mno hapo na ni aibu kuandika "tiririka" kila mara. Kikiwa mashine au ratiba, naanza na "enda" na "fanya kazi". Kukiwa na yambwa, "endesha" ndiyo ninayoijaribu mwanzo, halafu "simamia". Kikiwa kitu kisichosogea kabisa, kama barabara, mpaka, waya au ufa ukutani, nakumbuka kwamba nasi pia tunavisogeza: barabara inapita bondeni, ufa umeshuka mpaka chini. Mwanaisimu Leonard Talmy ameandika sana kuhusu mwendo huu wa kubuni, ambapo jicho ndilo linalotembea na kitu kimelala palepale. Hapo "pita" inafaa karibu kila mara.

Tujaribu moja yenye fujo. "The papers ran the story for three days running, and by then the man who ran the bank had run up debts, run out of friends and run for the border." Kiingereza kimelirudia neno mara sita kwa makusudi, kujifurahisha. Mimi ningeandika: "Magazeti yaliibeba habari hiyo siku tatu mfululizo, na kufikia hapo yule bwana aliyekuwa akiendesha benki alikuwa ameshajilimbikizia madeni, ameishiwa na marafiki, na amekimbilia mpakani." Mchezo wa kurudia umepotea, nakubali. Mtu akitaka kuulinda aulinde kwa kitu kingine, kwa vina au kwa mdundo, lakini asijaribu kuulinda kwa "kimbia". Katika zote sita inafaa mara moja tu, mwishoni, kwa kuwa polisi wako nyuma.

Limebaki moja ambalo najua tutabishana, na ningependa tubishane. "Run a program." Miongozo mingine ya kompyuta kwa Kiswahili inasema "tekeleza programu", mingine "endesha". Wa "tekeleza" wana hoja: kompyuta inatekeleza maagizo, na neno linasikika la kitaalamu. Mimi niko upande wa "endesha". Tekeleza ina mwisho ndani yake: agizo likitekelezwa limekwisha. Programu nyingi tunazotumia leo hazikusudiwi kwisha. Zinakaa zinaenda usiku kucha, zikingoja mtu aguse kitu. Halafu ukiwa na "endesha" unapata na "enda" bure: programu inaenda, programu haiendi, ndivyo watu wanavyosema wenyewe simu ikiwagomea. Hakuna niliyewahi kumsikia akilalamika kwamba simu yake haitekelezi. Mwalimu pale mbele anatikisa kichwa tangu niliposema "niko upande", basi kipaza sauti apewe yeye kwanza.